Watoto Wako Nyumbani, Je, Wamo Kwenye Faili?

Toa fishi yako ya mshahara ya mwezi uliopita uiweke mezani. Kama huna, anzia hapo. Sheria ya kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri akupe hesabu iliyoandikwa kila anapokulipa, nawe unaweza kuiomba kwa heshima bila kuogopa kuitwa mkorofi. Bila karatasi hiyo utaendelea kuambiwa "Leta amekata," na hutajua amekata nini wala kwa hesabu gani.

Sasa tafuta mstari ulioandikwa IPR. Ndiyo kodi ya mapato ya kazi, inayokatwa kabla pesa haijafika mkononi mwako. Karibu na mstari huo, au juu kabisa penye jina lako, kuna mahali palipoandikwa kwa Kifaransa idadi ya watu unaowalisha, "personnes à charge". Soma namba iliyopo, kisha hesabu watu wanaolala chini ya paa lako. Ukikuta namba mbili tofauti, mwongozo huu ni wako.

Mimi nilifanya kazi miaka sita katika shirika moja hapa mjini Butembo. Niliingia kijana, sina mke. Nikaoa, tukapata watoto watatu, halafu mama yangu akaja kuishi nasi Bulengera alipokimbia vita kijijini, kama walivyokuja wazee wengi wa upande wa Beni. Nyumba ilijaa hadi sebuleni, lakini fishi yangu iliendelea kuandika sifuri mwaka baada ya mwaka. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema. Nilidhani shirika linajua, kwa kuwa wenzangu walikuja arusini kwangu na wakala pilau. Kontabli naye alikuja, lakini yeye anasoma faili. Hakumbuki arusi.

Naandika kwa ajili ya kosa hilo. Kodi yako inahesabiwa kwa makaratasi yaliyo ofisini, na anayeyapeleka ni wewe.

Kwanza uelewe inavyokatwa

IPR imetoka kwenye amri-sheria ya tarehe 10 Februari 1969, iliyorekebishwa mara nyingi tangu hapo. Katika mfumo huo wa 1969 inapanda kwa ngazi. Mapato ya mwaka hadi faranga 1,944,000, yaani 162,000 kwa mwezi, yanalipa 3%. Yanayozidi hapo hadi 21,600,000 yanalipa 15%. Kutoka hapo hadi 43,200,000 ni 30%, na yanayopita hapo ni 40%. Kodi yote kwa jumla haiwezi kuzidi 30% ya mapato yanayotozwa, wala kushuka chini ya faranga 2,000 kwa mwezi. Mwalimu wa shule ya binafsi, muuguzi, karani wa kooperative, dereva wa shirika, karibu wote wako kwenye ngazi mbili za kwanza, kwa hiyo hesabu utakazoziona hapa zitabaki huko.

Angalia jambo moja ambalo wengi hawalioni mpaka waongee na ndugu zao waliovuka Kasindi. Kule Uganda, kwa miaka mingi mshahara usiofika shilingi 235,000 kwa mwezi haukutozwa kitu. Tanzania Bara ilisamehe mshahara usiozidi shilingi 270,000. Kenya humpunguzia kila mfanyakazi shilingi 2,400 za kodi kila mwezi, awe na watoto kumi au asiwe na hata mmoja. Kwetu, katika mfumo wa 1969, faranga ya kwanza inalipa. Hakuna msamaha unaokufikia umelala. Nafuu ya Mkongomani imewekwa kwenye familia yake, kwenye posho zake na kwenye mchango wake wa CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii), na katika hizo tatu, ile ya familia lazima uionyeshe kwa karatasi.

Nitaje pia kwamba sheria ya IRPP, yaani kodi ya mapato ya watu binafsi, iliyotolewa Novemba 2023 imekuja kuchukua nafasi ya mfumo huu wa 1969, na utekelezaji wake ulipangiwa Januari 2026. Hesabu ninazofanya hapa ni za mfumo wa 1969. Kwa mshahara wa baada ya hapo, mwombe kontabli akuonyeshe baremu anayoitumia, uifuate mstari kwa mstari kama tunavyofanya hapa. Faili lako utalihitaji vilevile.

Asilimia mbili kwa kila kichwa

Sheria ya 1969 inasema hivi: kodi ikishahesabiwa kwa ngazi zile, inapunguzwa 2% kwa kila mtu wa familia anayekutegemea, hadi watu 9. Tisa mara mbili ni 18%. Sikiliza vizuri, kinachopungua ni kodi yenyewe, wala si mshahara unaotozwa. Ndiyo maana ni rahisi kukagua.

Tuchukue mama mjane, muuguzi, mwenye mshahara wa faranga 800,000 kwa mwezi. CNSS inakata 5%, yaani 40,000. Zinabaki 760,000. Faranga 162,000 za kwanza zinatozwa 3%, ambayo ni 4,860. Zilizobaki ni 598,000, na 15% yake ni 89,700. Kodi inafika 94,560. Mama huyo ana watoto sita na mama yake mzazi anayeishi naye, jumla watu saba. Saba mara mbili ni 14%, na 14% ya 94,560 ni 13,238. Anatakiwa kukatwa 81,322. Kama faili lake linasema sifuri, kila mwezi anaacha faranga 13,238 mezani, na kwa mwaka karibu 158,860. Pesa hiyo ingenunua madaftari na sare za Septemba.

Aliye na mshahara mdogo asiseme hili halimhusu. Kwa mshahara wa 300,000, baada ya CNSS inabaki 285,000, na kodi yake ni 23,310. Mwenye watu tisa anapunguziwa karibu 4,196 kwa mwezi. Kwa mwaka ni zaidi ya 50,000. Kwa nyumba inayopima unga kwa kikombe, hiyo ni pesa.

Nani anahesabiwa? Mke. Watoto ambao hawajaoa wala kuolewa, waliozaliwa ndani ya ndoa au nje yake, mradi wako chini ya ulinzi wako. Na wazazi, wa kwako na wa mwenzako pia, kwa sharti kwamba wanaishi katika nyumba yako. Hapo pa mwisho ndipo watu wengi wanapopoteza. Tumezoea kudhani sheria ya kizungu inajua baba, mama na watoto tu, halafu tunamwacha nyuma nyanya aliyelala chumba cha pili. Sheria yetu inamjua. Hata mama mkwe aliyehamia kwako anahesabika. Baba yako akibaki Lubero na wewe unamtumia pesa kwa simu kila mwezi, huyo haingii, kwa sababu sheria imeangalia paa moja.

Nina neno kuhusu watoto wa ndugu. Nyumba za Bulengera zimejaa watoto ambao wazazi wao walikufa katika mauaji ya Beni, au katika Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020. Tunawalea kama wetu, na katika kinywa cha Munande mtoto wa ndugu yangu ni mtoto wangu. Lakini kontabli hawezi kumwandika kwa sababu wewe umesema. Atataka karatasi ya hakimu inayosema kwamba mtoto yuko chini ya ulezi wako. Nenda mahakama ya watoto uiombe. Itakusaidia hata mbali na kodi: siku ya mtihani wa Leta, siku ya kusafiri naye, siku mtu atakapotokea kudai shamba la marehemu. Kama una nguvu ya kufanya jambo moja tu mwaka huu kati ya yote yaliyoandikwa hapa, na una yatima nyumbani, fanya hilo.

Karatasi

Kwa mtoto, cheti cha kuzaliwa kutoka ofisi ya hali ya raia ya komine. Sheria ya familia, ile ya 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inatoa siku 90 za kumwandikisha mtoto bila malipo. Ile karatasi ya maternite iliyokunjwa ndani ya Biblia ni ushahidi wa kwenda nao komine, nayo haijawa cheti. Siku 90 zikipita, njia inageuka kuwa ya mahakama, hukumu ya kujaza cheti kinachokosekana, pamoja na gharama zake na nenda rudi zake. Kwa hiyo mwenye mtoto mchanga asome hapa mara mbili: wiki hizi za kwanza ndizo rahisi kuliko zote.

Kwa mke, cheti cha ndoa. Na hapa nitasema wazi, kwa kuwa nimewaona marafiki wakiaibika mbele ya kontabli. Ndoa ya kanisani haitambuliwi na Leta mpaka ipite komine. Mbuzi walitolewa, wazee wa pande mbili wakakaa, padri au mchungaji akabariki, picha ziko ukutani, lakini kitabu cha komine hakina majina yenu. Ndoa ya kimila inaweza kuandikishwa. Nendeni pamoja na mashahidi wa familia zote mbili. Mwanamke ndiye anayepata hasara kubwa ndoa isipoandikwa, hasa mume akifa, kwa hiyo dada, usimwachie mume peke yake kuikumbuka safari hii.

Kwa mzazi anayeishi nawe, na kwa kuonyesha nyumba nzima kwa pamoja, kuna karatasi ya idadi ya familia, inayojulikana kwa Kifaransa chake, "attestation de composition familiale". Unaanzia kwa shefu wa kartye, anayejua nani analala wapi, kisha komine ya Bulengera inaitia muhuri. Wenye ndugu waliohamishwa na vita wahakikishe kwanza kwamba shefu amewaandika wageni wao, maana mtu asiyekuwamo kwenye daftari la kartye hawezi kuwamo kwenye karatasi ya komine.

Mkiwa nyote wawili, mke na mume, mnalipwa kwa fishi, msimpeleke mtoto mmoja kwenye faili mbili. Kaeni mkubaliane anaandikwa kwa nani.

Mstari wa CNSS, kabla au baada?

Rudi kwenye fishi. Mchango wako wa CNSS ni 5% ya mshahara. Mwajiri anaongeza 13% kutoka mfukoni mwake, na hiyo si ya kukukata wewe. Ile 5% yako inatolewa kwanza, ndipo IPR ihesabiwe juu ya kinachobaki. Nimekuta fishi zaidi ya moja ambapo kodi imehesabiwa juu ya mshahara mzima, kisha CNSS ikakatwa kando. Kwa yule muuguzi wa 800,000, kosa hilo, kabla ya punguzo la familia, linamgharimu 15% ya 40,000, yaani faranga 6,000 kila mwezi, 72,000 kwa mwaka, na kwa macho huwezi kuliona. Chukua kalkuleta ya simu. Fanya hesabu yangu ya juu kwa namba zako. Ni dakika tano.

Ukiwa hapo, tafuta namba yako ya usajili wa CNSS. Fishi inayokata CNSS bila namba ya mfanyakazi inapaswa kukusumbua usingizi, maana siku ya uzee hutaulizwa ulikatwa ngapi, utaulizwa ziliandikwa wapi. Nenda ofisi ya CNSS na kitambulisho chako uulize kama michango inaonekana.

Posho za nyumba na njia

Sehemu hii inahitaji subira, kwa sababu ina faida na ina hatari.

Sheria ya 1969 inasamehe vitu fulani visitozwe IPR. Posho ya nyumba, ikiwa haizidi 30% ya mshahara. Posho ya usafiri, ikilingana na bei halisi ya usafiri wa mahali, isiyozidi safari nne za basi kwa siku kwa mfanyakazi wa kawaida na nne za teksi kwa wakubwa wa kazi, na ikiwa ni wazi kwamba kazi inadai usafiri huo. Matibabu, yasipopita kiasi. Na malipo ya watoto, zile "allocations familiales", zisipozidi kiwango cha sheria.

Waajiri wengi wadogo wa hapa kwetu, hasa maduka na shule za binafsi, hawaandiki hivyo. Wanakuambia "nitakulipa milioni moja," na kontabli anaandika milioni moja mahali pa mshahara. Hesabu yake ni hii: CNSS 50,000, zinabaki 950,000, kodi 123,060. Lakini mwajiri huyohuyo angeweza kuandika mshahara 700,000, nyumba 210,000, ambayo ni 30% kamili, na usafiri 90,000, kama bei za pikipiki za huko unakokaa zinafika hapo kweli. Jumla ni ileile milioni moja. Mwajiri hatoi hata faranga zaidi. CNSS inakuwa 35,000, zinabaki 665,000 za kutozwa, na kodi inashuka hadi 80,310. Tofauti ya kodi ni 42,750 kwa mwezi. Kwa mwaka inapita nusu milioni.

Hapo utashawishika kukimbia kwa patroni kesho asubuhi. Ngoja kidogo. Posho za nyumba na usafiri hazihesabiwi kuwa mshahara katika sheria ya kazi. Pensheni yako itapimwa kwa zile 700,000. Vivyo hivyo malipo mengi yanayopimwa kwa mshahara siku ya kuachana na mwajiri. Kwa kijana wa miaka 28 mwenye watoto wadogo na kodi ya nyumba ya kulipa, mimi ningesema chukua posho. Kwa mzee anayekaribia pensheni, ningemwambia aache mshahara wake ulivyo, kwa sababu miaka ya mwisho ya michango ina uzito. Ni uamuzi wa kukaa na mwenzako nyumbani, mfanye hesabu za pande zote mbili.

Na usikubali posho ya uongo. Kama unakaa mita mia mbili kutoka kazini na fishi inaandika usafiri wa 150,000, siku wakaguzi wa DGI, ofisi ya kodi ya taifa, watakapopitia vitabu wataitoa posho hiyo na kuitoza, na mwajiri aliyetozwa faini hutafuta wa kumlaumu.

Kibarua, mwisho wa kontra, na dola

Butembo na Beni tumezoea kontra fupi: miezi mitatu ya shirika la misaada, miezi sita ya mradi wa maji, kampeni ya chanjo. Katika mfumo wa 1969, mfanyakazi wa muda mfupi asiye wa kudumu anatozwa 15% moja kwa moja, bila ngazi. Lakini malipo ya kumaliza kazi, yale yanayotolewa kwa sababu kontra imevunjwa au imefika mwisho, yana kiwango chake cha pekee cha 10%. Watu wengi hawakijui, na kontabli mwenye haraka huyajumlisha na mshahara wa mwezi wa mwisho, halafu yote yanapanda ngazi pamoja, 15% na wakati mwingine 30%. Kontra yako ikiisha, omba malipo hayo yaandikwe kwenye mstari wake, mbali na mshahara.

Wanaolipwa kwa dola waangalie bei ya kubadilisha. Ngazi za kodi zimeandikwa kwa faranga, kwa hiyo dola zako zinageuzwa kwanza. Mwajiri atumie bei ileile kwa kodi na kwa mshahara. Ukikuta kodi imehesabiwa kwa bei ya juu na wewe umelipwa faranga kwa bei ya chini, uliza kwa upole, ukiwa na karatasi mkononi.

Mwenye nyumba ya kupangisha, na mwenye duka

Kwa ufupi tu, kwani wengi wetu wenye fishi tuna pia nyumba ndogo ya nyuma au kibanda cha mama.

Kodi ya mapato ya nyumba za kupangisha ni ya mkoa, na inasimamiwa na DGRNK, ofisi ya mapato ya Kivu Kaskazini. Sheria ya taifa iliiweka 22%, ambapo mpangaji anakata 20% na kuzipeleka mwenyewe, nawe mwenye nyumba unamalizia 2% mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Shirika likikupangia nyumba kwa dola 300 na kukulipa 240, zile 60 tayari ni kodi yako iliyolipwa. Umebakiza 6. Lakini usipokuwa na karatasi ya mpangaji inayothibitisha kwamba alizipeleka, utadaiwa 66 kamili. Idai karatasi hiyo kila mara anapokata, usisubiri Desemba, kwani mashirika yanafunga na kuhama, na siku hizi yanahama haraka.

Mwenye biashara ndogo, amri-sheria ya 23 Februari 2013 ilimpangia hivi: mauzo yasiyofika faranga milioni 10 kwa mwaka yanalipa faranga 50,000 kwa mwaka mzima, basi. Kutoka hapo hadi milioni 80, muuzaji wa bidhaa analipa 1% ya mauzo na mtoa huduma 2%. Mama anayeuza vitambaa na pia kushona, asipotenganisha daftari la vitambaa na daftari la kushona, anaweza kutozwa 2% juu ya vyote. Madaftari mawili yanamwokolea nusu ya kodi ya vitambaa. Daftari la mauzo ndilo pia litakalomtetea mbele ya mtu yeyote anayekadiria duka lake kwa macho akiwa amesimama mlangoni.

Namna ya kuomba, na lini

Kwa kawaida mwajiri anapeleka kodi ya mwezi benki kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Ikishafika huko, kurudisha ni kazi. Kwa hiyo karatasi zako zifike kabla kontabli hajafunga mishahara ya mwezi, kwa kawaida kabla ya tarehe 20. Usiende siku ya malipo, siku watu wote wamejaa mlangoni na yeye ana joto.

Toa kopi mbili za kila kitu. Andika barua fupi kwa Kifaransa cha kawaida, kwa sababu faili zinasomwa kwa Kifaransa: jina lako, kazi yako, orodha ya watu wako na karatasi ya kila mmoja, ombi la kuwaingiza katika hesabu ya IPR kuanzia mwezi huu. Kopi moja ya barua ipigwe muhuri wa kupokea, urudi nayo nyumbani. Mwambie, "Papa kontabli, nimeleta karatasi za familia yangu, naomba unisaidie kurekebisha fishi." Ni mfanyakazi kama wewe, na mara nyingi atafurahi kwamba umemletea kazi iliyokamilika.

Mwezi unaofuata, soma fishi. Namba ikiwa haijabadilika, rudi na kopi yenye muhuri. Ikibadilika, hesabu kwa kalkuleta kama 2% zote zimetolewa. Kwa miezi iliyopita, mwombe mwajiri kwanza arekebishe katika mishahara inayokuja. Sheria ya taratibu za kodi ya tarehe 13 Machi 2003 inampa mlipakodi njia ya kupinga kwa maandishi kodi iliyokosewa, lakini njia hiyo ina muda wake, na mtu asiye na fishi zake zote hafiki mbali. Weka fishi katika bahasha moja, ya mwaka mmoja mmoja, mahali pasipovuja mvua. Kama ni lazima kukimbia usiku, na katika eneo letu watu wamekimbia usiku mara nyingi, bahasha hiyo ikae pamoja na vyeti vya watoto na kadi ya uchaguzi. Piga pia picha kwa simu, uzitume kwa ndugu aliye mji mwingine.

Kila mtoto anapozaliwa, kila mzazi anapohamia kwako, rudia. Na mtoto akioa au akiolewa, mtoe mwenyewe kabla hujaulizwa, ili siku ya ukaguzi faili lako lisimame lote.

Mwisho wa mwezi unakaribia. Ndugu msomaji, kabla ya tarehe 20, peleka cheti cha mtoto wako wa mwisho, na umwandike mama yako.